Je, Wajua? Panya Aliyevishwa Medali

Panya buku, yuleyule anayetumalizia mahindi ghalani, ana ndugu aliyevishwa medali ya dhahabu. Ndugu huyo, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafunzwa Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, kisha akapelekwa Kambodia. Aliponasa harufu ya kilipuzi, alikwangua udongo. Ujira wake ulikuwa kipande cha ndizi. Vyuma chakavu havikumbabaisha, ndiyo maana eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa, kazi ya hadi siku nne kwa mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma. Na hakulipuka? Uzito wake wa kilo 1.2 haukutosha kufyatua bomu! Shirika la PDSA la Uingereza lilimvisha medali hiyo mwaka 2020.