Oili ya Pikap Kuukuu ya Kikundi

Vikundi vingi tunavyovitembelea vina pikap moja ya zamani, Peugeot, Datsun au Hilux, iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama. Ndiyo inayobeba maziwa na kabichi, na usiku ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali. Injini ikiisha, akiba ya miaka inaisha nayo. Kwa hiyo swali tunaloulizwa kila mara, "Tutie oili gani, na ile dawa ya chupa inasaidia?" tunalijibu hapa.

Oili haifanyi kazi ya kutelezesha vyuma peke yake. Inapoza pistoni na beringi, inaziba nafasi ndogo kati ya ringi na silinda, na inabeba masizi na uchafu mpaka kwenye filta. Ndiyo sababu katika injini iliyochoka oili nzuri huwa nyeusi upesi. Dereva akijisifu kwamba yake imekaa miezi minane na bado inang'aa, muulizeni uchafu umebaki wapi.

Mkishika mkebe dukani, msitazame picha ya gari la mashindano. Tafuteni herufi za API. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili ikisonga mbele, oili ni ya kisasa zaidi: SG ni ya baadaye kuliko SF, na SL ni ya baadaye zaidi. Mkiona SA, wekeni chini. Hiyo haina dawa yoyote ndani, na API yenyewe inasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1930. SB nayo haifai kwa zilizoundwa baada ya 1951. Ile inayopimwa kwa chupa ya soda kutoka kwenye pipa lisilo na herufi hata hatuizungumzii; huenda ni oili iliyokwisha kutumika, ikachujwa kwa kitambaa.

Kisha kuna namba. Katika 20W-50, namba ya mbele yenye W inaeleza uzito wakati wa baridi, na ya nyuma uzito injini ikiwa moto. 20W hupimwa kwa kuwashia injini katika nyuzi 15 chini ya sufuri, na baridi kama hiyo hata Nyahururu mwezi wa Julai hakuna. Basi kwa petroli ya zamani iliyolegea kidogo, 20W-50 inatosha. Kwa dizeli, tieni 15W-40 yenye CF-4 au CI-4, kwa sababu dizeli hutoa masizi mengi. Kama kitabu cha gari bado kipo, kifuateni hicho kwanza.

Wengine huambiwa wanunue 5W-30 ya bei ghali kwa kuwa ni ya kisasa. Kwa pikap kuukuu hiyo ni pesa imetupwa. Injini nyingi za zamani zina tapeti bapa zinazosuguana na kemu kwa nguvu, na kinga yake ni zinki na fosforasi iliyomo katika oili. Daraja la SM lilipoanza mwaka 2004, fosforasi ilipunguzwa zaidi katika oili nyepesi kama hizo, ili isiharibu kifaa cha kusafisha moshi katika magari mapya. 20W-50 haikuwekewa kikomo hicho.

Kuna pia fundi anayesema, "Gari inakula oili, tia ya gia namba 90, ni nzito." La hasha! Namba za oili ya gia ziko katika kipimo kingine kabisa. 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na 50 ya injini, kwa hiyo hamjaongeza kitu, ila mmeingiza dawa za gia ambazo hazikutengenezewa injini na zinaweza kula bushi za shaba.

Sasa ile chupa ya dawa. Oili yenye herufi nzuri tayari ina dawa za kusafisha, za kuzuia povu na za kulinda vyuma, kwa vipimo vilivyojaribiwa pamoja. Mkiongeza nyingine mnavuruga vipimo hivyo. Huko Marekani, mwaka 1997, tume ya serikali inayosimamia biashara ilimaliza kwa maafikiano kesi dhidi ya watengenezaji wa Slick 50, iliyodai kwamba matangazo yao kuhusu kulinda injini hayakuwa na ushahidi. Dawa ya kuongeza uzito hupunguza moshi kwa muda, na mwenye kuuza gari bovu anaijua sana. Ya kuzuia kuvuja hulainisha sili zilizokauka, na pengine itawafikisha mwisho wa mavuno. Lakini chuma kilicholika hakirudi kwa chupa.

Afadhali mtazame moshi. Ukiwa wa bluu asubuhi tu gari likiwashwa, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na kuzibadilisha ni rahisi kuliko kufungua injini nzima. Ukiwa wa bluu safari yote, hasa mlimani na mzigo, ringi zimekwisha. Anzeni mchango wa ovahol mapema. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi, na hapo simamisheni gari.

Kama injini ina matope ya oili ya miaka, msiioshe kwa dawa kali kwa siku moja. Matope yakibanduka huziba chujio la pampu. Badilisheni oili na filta baada ya kilomita 1,500, mara mbili au tatu, kisha kila 5,000. Dereva apime kwa kijiti kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, na aandike katika daftari ameongeza kiasi gani. Kikundi kikikutana, daftari lisomwe pamoja na hesabu za pesa.

Oili chafu msimwage karibu na kisima wala msipake vidonda vya ng'ombe. Ikusanyeni katika mtungi wenye kifuniko, mkaulize kituo cha petroli cha karibu kama wanaipokea.