Mgonjwa Apelekwe Mlango Gani?

Mtu akiugua kijijini, shauri la kwanza nyumbani si la dawa bali ni la njia: mgonjwa apelekwe wapi? Mmoja husema dukani, wa pili husema zahanati, wa tatu husema kwa mganga wa kienyeji, na wa nne hutaka kungoja hata kesho. Wazee wakiwa bado barazani wakishauriana, ugonjwa hauwangoji. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wa vijiji na walimu ambao huulizwa neno hili mara kwa mara, milango iliyopo ya matibabu madogo katika Tanzania, kazi ya kila mmoja, na mpaka wake.

Mlango wa kwanza ni zahanati. Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1920 serikali za wenyeji za Tanganyika zilianza kujenga zahanati ndogo mashambani, na vijana waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa waliitwa madresa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati ziliongezeka sana; na mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2007 uliweka shabaha ya kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya, ijapokuwa si kila mahali pamefikiwa.

Kwenda zahanati hakuhitaji barua wala ahadi ya siku. Mgonjwa hufika, huandikishwa jina, hungoja zamu yake na kutazamwa. Mwenye homa huchomwa kidole kidogo, tone la damu likawekwa katika kipimo cha malaria, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa. Kipimo hiki kina faida kubwa, kwa maana si kila homa ni malaria. Mtu amezaye dawa ya malaria bila kupimwa huenda anaumwa mapafu, na ugonjwa wenyewe ukazidi huku yeye akidhani anapona. Aidha, kwa sera ya Serikali, wajawazito na watoto wasiotimiza miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vyake. Ugonjwa ukiwapita nguvu, watumishi wa zahanati humwandikia mgonjwa barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Mlango wa pili ni duka la dawa muhimu. Maduka haya yalianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea katika mikoa mingine, ili watu walio mbali na famasi wapate dawa za kuaminika kwa muuzaji aliyefundishwa kazi hiyo. Pengine zahanati imefungwa au dawa zake zimekwisha, na hapo duka hili ni msaada mkubwa. Lakini mnunuzi awe na macho. Na atazame kama kibali kimetundikwa ukutani, kama dawa imo katika pakiti yake, na kama tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe vidonge viwili vitatu kwa kukisia. Zitumike kama zilivyoandikwa na mtabibu, tena mpaka ziishe. Wala duka si mahali pa kuchomwa sindano.

Mlango wa tatu ni mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye hupita nyumba kwa nyumba. Yeye hatibu kila kitu, lakini huwafunza watu na huwaelekeza wagonjwa mahali panapofaa. Kwake mama aweza kujifunza jinsi ya kumtunza mtoto anayeharisha: pakiti moja ya chumvichumvi za kuongezea maji mwilini huchanganywa katika lita moja ya maji safi, mtoto akanyweshwa kidogo kidogo, na yaliyobaki baada ya saa 24 humwagwa. Pamoja na maji hayo hupewa vidonge vya zinki kwa muda wa siku 10 hadi 14, wala asinyimwe chakula wala ziwa la mama.

Mlango wa nne ni mganga wa tiba asili. Hatuwadharau watu hawa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yawatambua na kuwataka wasajiliwe. Lakini liko jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni degedege. Mahali pengi husemwa kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku au na shetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Basi humfukiza, humwogesha dawa, na saa hupita. Kumbe mara nyingi degedege hutokana na homa kali, na pengine ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Mtoto anayefikishwa zahanati akiwa karibu kukata roho, akafa baada ya sindano, hakuuawa na sindano. Aliuawa na kuchelewa. Mganga mwema ni yule asemaye, “Huyu mpelekeni zahanati kwanza.”

Yako mambo ambayo yakionekana kwa mtoto mdogo, shauri la mlango limekwisha. Apelekwe mara moja, ikiwa ni mchana au usiku. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Ameshikwa na degedege. Amelegea au hana fahamu. Kadhalika pumzi zikienda mbio: mhesabie kwa saa, dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikia pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40, huenda ana homa ya mapafu, na maji ya majani hayatamponya. Kwa mjamzito, kutokwa damu, kifafa, au kuumwa kichwa sana na macho kuona giza si mambo ya kungoja asubuhi.

Twawaomba walimu wawafundishe watoto dalili hizi, kwa maana mara nyingi mtoto wa shule ndiye mwenye saa na hesabu nyumbani. Nao wazee wa vijiji wafanye shauri mapema, wakati hakuna mgonjwa: nani mwenye pikipiki au baiskeli, nani atakayemsindikiza mama usiku, na fedha za safari zitatoka wapi. Shauri lililokatwa mchana huokoa roho ya mtu usiku.