Bodaboda wa mchangani abadilishe oili lini?

Ukishuka kivuko upande wa Bweni kuelekea Ushongo, pikipiki hupita mchanga na vumbi kwa gia ndogo, mara nyingi ikiwa na mzigo. Injini huzunguka sana, lakini kilomita zinasogea polepole.

Kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ni za matumizi ya kawaida. Kwa kazi ya vumbi na mzigo, gawa kwa mbili: kikisema 2,000, mwaga oili kwenye 1,000. Safisha na chujio la hewa.

Pima oili kila asubuhi, pikipiki ikiwa wima. Ikionekana kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ibadilishe siku hiyohiyo na umwone fundi. Lita moja ya oili ni nafuu kuliko kufungua injini.