Kipupwe, Kamanga na Sahani ya Sato

Masika yakishapita, Mwanza hupata miezi mitatu minne ambayo wakazi wake wengi huiacha ipite bure. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba mvua ni haba, asubuhi kuna baridi ya kuvalia sweta, na hata mchana jua linavumilika, kwa kuwa mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa haukosekani. Ndio msimu wa kutembea kwa miguu. Hata hivyo Jumamosi na Jumapili za kipupwe huishia kwenye viti vya plastiki vya baa ileile, mtaa uleule, mazungumzo yaleyale. Ninachopendekeza ni jambo dogo: marafiki sita au wanane wapande kivuko hadi Kamanga, upande wa Sengerema, watembee saa tatu au nne vijijini na kando ya ziwa, kisha wale chakula cha mchana hukohuko, kwa mama lishe wa kijijini. Hilo la mwisho nalitilia mkazo kuliko yote. Matembezi yasiyo na mlo mwishoni hayadumu, na mlo usiotanguliwa na matembezi tunao kila wiki. Waingereza wameliona hili zamani. Kule watu hutoka na marafiki katikati ya majira ya baridi, Desemba hadi Februari, siku zikiwa fupi na njia zimejaa tope, wakakatiza mashamba kwa saa kadhaa na kuishia kwenye baa ya kijiji kula chakula cha moto. Hali yao ya hewa haifikii hata nusu ya uzuri wa kipupwe chetu, lakini desturi imekaa, kwa sababu kila anayetoka anajua mwisho wa njia kuna meza inayomngoja.

Kwa nini Kamanga? Kwanza, kivuko kinaondokea katikati ya jiji, kwa hiyo matembezi yanaanza bila gari na bila foleni. Pili, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza mambo yanabadilika ghafla: nyumba zinapungua, mihogo na mahindi yaliyovunwa yanachukua nafasi, na majabali yaleyale ya matale yaliyoipa Mwanza sifa yake yanaonekana bila kuzibwa na mabati. Majabali hayo yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni miongoni mwa miamba ya kale kabisa Afrika, na maumbo yake ya mawe yaliyobebana yalichongwa na mvua na jua kwa muda ambao akili haiwezi kuushika. Mtu wa miguu ana nafasi ya kuyaangalia. Juu yake hukaa pimbi, na hukaa pia mjusi ambaye wataalamu walimpa jina la mji wenyewe, Agama mwanzae: dume lake ni jekundu la kuelekea waridi kichwani na mabegani, kisha bluu hadi mkiani, na huinua na kushusha kichwa anapolinda jabali lake. Abiria wa basi hamwoni. Ufukweni kuna dagaa walioanikwa, na hapo anayetembea hujifunza kalenda nyingine kabisa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, kwa hiyo hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti kitu, mitumbwi hukaa nchi kavu na nyavu hushonwa. Kundi likienda wiki ya giza litakuta mchanga umefunikwa fedha tupu inayokauka, na wanawake wakiigeuza kabla jua halijawa kali. Likienda wiki ya mwezi mpevu litakuta wavuvi wana muda wa kuzungumza.

Pingamizi kubwa najua ni lipi, nalo linastahili jibu la heshima. Watu watasema kutembea si burudani bali ni shida. Mwanamke wa Sengerema anayetembea na ndoo kichwani hahitaji kualikwa kwenye matembezi, na kijana wa Mwanza aliyepanda mlima wa Bugarika kwa miguu miaka yote ya shule amefanya kazi hadi kufikia siku ya kupanda bodaboda. Ni kweli, na hakuna haki ya kuusifia mwendo wa lazima. Lakini tofauti kati ya mwendo wa lazima na mwendo wa hiari si ya kifikra tu, mwili wenyewe unaijua. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo yaliyotokana na watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen: waliojishughulisha na mazoezi wakati wa mapumziko yao walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo na ya kufa mapema, ilhali waliokuwa na kazi ngumu za mwili hawakupata kinga hiyo, na hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Mtu anayechagua mwendo wake hupumzika anapochoka, hubeba kidogo, hurudi nyumbani akala na kulala. Mbeba mizigo hana uchaguzi huo. Kwa hiyo anayesema wanakijiji tayari wanatembea hajalijibu swali la mkazi wa jiji anayeketi ofisini au dukani kutwa nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mchana mmoja wa Kamanga unazimaliza na chenji inabaki. Siku moja kwa wiki haitoshi kwa kila kitu, lakini inamweka mtu ndani ya mstari.

Tena si kweli kwamba mwendo wa hiari ni mgeni katika ukanda huu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, wakati magari ya serikali yalikuwepo. Kabla yake kwa karne nzima wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walijua kwamba safari ndefu ni za kiangazi. John Hanning Speke, aliyefika Mwanza Agosti 1858 na kuliita ziwa hili kwa jina la malkia wake, alifika kwa miguu akifuata njia na msimu waliokuwa wakiujua wao. Na hadi leo Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma yanayofanyika Bujora, yanaangukia Juni, baada ya mavuno, maana ndio wakati watu wana nafasi ya kutoka makwao na kukusanyika. Kipupwe kimekuwa msimu wa kutembeleana tangu zamani. Kilichopungua ni sababu ya mkazi wa mjini kutoka.

Hapo ndipo chakula kinapoingia, na hapa sikubaliani na marafiki wa mazoezi. Miji yetu ina vikundi vingi vya joging, na vinafanya kazi nzuri, lakini vingi huanza kwa vishindo mwezi Januari na kubaki na wachache ifikapo Pasaka. Sababu mojawapo ni kwamba vinamwomba mtu atoe jasho halafu aende zake. Mlo unamfunga. Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Oxford, alionyesha mwaka 2017 kwa kutumia mahojiano ya watu wa Uingereza kwamba wanaokula na wenzao mara nyingi zaidi huridhika zaidi na maisha, huwaamini zaidi majirani na huwa na marafiki wengi zaidi wa kuwategemea. Mswahili hahitaji Oxford imwambie hivyo, ila ushahidi unasaidia kumjibu anayedhani kula ni anasa inayoharibu zoezi. Na mlo wa kijijini una tabia moja ambayo mgahawa wa mjini hauna: unachukua muda. Sato hakaangwi kabla hujafika. Anaparuliwa magamba mbele yako, anachanjwa mistari mitatu minne kila upande, anapakwa chumvi na limao, anaachwa kidogo, ndipo anaingia kwenye mafuta au kwenye mkaa. Wakati huo ugali wa udaga unasongwa, na kama ni nyumba ya Kisukuma kunaweza kuja sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na mtindi. Nusu saa hiyo ya kusubiri, miguu ikiwa imechoka na simu haina la maana, ndiyo mazungumzo yanapotoka kwenye mpira na kuingia kwenye mambo ambayo marafiki hawakuyagusa mwaka mzima. Hata sahani yenyewe ina la kuzungumza. Sato huyu tunayemwona wa nyumbani aliletwa ziwani miaka ya 1950, karibu wakati mmoja na sangara, na ngege wa asili wamebaki wachache mno. Furu wa Ghuba ya Mwanza, waliokuwa na aina nyingi kuliko wataalamu walivyoweza kuzipa majina, waliangamia kwa wingi miaka ya 1980. Anayekula samaki akiliangalia ziwa alikotoka huuliza maswali ambayo anayemnunua sokoni Kirumba hayaulizi.

Hoja ya fedha kwa vijiji haina haja ya maneno mengi. Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu. Foleni ya kivuko kilichokuwa hapo ilikuwa mateso kwa wasafiri na zaidi kwa wagonjwa, na hakuna wa kuililia. Lakini foleni ile ilikuwa pia soko: samaki, mahindi ya kuchoma na chai viliuzwa kwa watu waliolazimika kusubiri. Gari linalopita darajani kwa dakika chache halina sababu ya kusimama. Vijiji vya pwani hii vinahitaji wageni wanaosimama kwa hiari, na mgeni wa miguu ni bora kuliko wa gari, kwa sababu hana buti la kubebea chakula kutoka mjini.

Pombe? Wapo watakaosema mpango huu ni njia ya kuhamisha ulevi kutoka mjini kwenda kijijini. Jibu langu ni kwamba utaratibu wenyewe unadhibiti: kuna kivuko cha kurudi kabla ya jioni, kuna njia ya kutembea hadi gatini, na kundi lina wazee kwa vijana, wanaokunywa na wasiokunywa. Bia moja baridi baada ya kilomita kumi na mbili si kosa, soda na mtindi vilevile ni vinywaji, na baa ya mtaani ambayo mtu hatoki kuanzia saa nane mchana hadi usiku ina hatari kubwa zaidi. Kundi ambalo haliwezi kukubaliana juu ya hili libaki na maziwa tu. Chakula ndicho kinachobeba siku.

Hatari za kweli ziko kwingine, na nisingependa mtu aende bila kuzijua. Maji ya kando ya ziwa yana kichocho: vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na hupenya ngozi ya anayesimama majini kwa dakika chache, kwa hiyo kuvua viatu ili kupoza miguu ni jambo la kuacha kabisa, hata joto likiwa kali. Penye matete kunaweza kuwa na mamba au kiboko, na asubuhi na jioni ndio wakati wao. Njia ifuate ardhi ya juu. Kuhusu kuvuka, msiba wa MV Bukoba wa Mei 1996 na ule wa MV Nyerere wa Septemba 2018 imemwachia kila mkazi wa kanda hii hofu yenye haki. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita uwezo wake. Somo si kukaa nyumbani. Abiria akatae kupanda chombo kilichojaa, hata kama wenzake wanasukumana, na ajue jaketi okozi ziko wapi kabla kamba haijafunguliwa. Mtumbwi wa injini unaomwita mtu kwa bei nafuu pembeni ya gati usiingie kwenye mpango kabisa.

Linabaki pingamizi la wenyeji wenyewe, ambalo waandishi wa mambo ya utalii hulipita haraka. Kundi la watu wa mjini likikatiza shamba la mtu huku likipiga picha ni usumbufu, na ardhi ya kijiji ina wenyewe chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Dawa yake ni adabu ya kawaida: kupita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, kusalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, kabla ya kuuliza njia, kupita kwenye vijia vinavyotumiwa na watu badala ya kuchora vipya, na kutompiga picha anayeanika dagaa bila ruhusa yake. Lakini kuna upande ambao mtembezi na mwanakijiji wana maslahi ya pamoja. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo inamhusu mwenye hoteli, mwenye nyumba ya mapumziko na yeyote anayetamani kujenga ukuta hadi majini, na inavunjwa kirahisi pale ambapo hakuna anayepita. Waingereza wana njia za miguu za umma zipatazo kilomita 225,000 katika England na Wales, na hawakuzipata kwa hisani: mwaka 1932 mamia ya vijana wa viwandani waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi, baadhi yao wakafungwa jela, na sheria ya hifadhi za taifa na njia za umma ikaja mwaka 1949. Sisi sheria tunayo tayari. Kijia kinachopitwa kila Jumamosi na watu wanane, ambao baadaye wanakaa kwa mama lishe wakitaja walichokiona, ni vigumu kukiziba bila mtu kuuliza, na mwenyekiti wa kijiji akiulizwa na wateja wa mama lishe pamoja na wavuvi wake anakuwa na sababu ya kwenda kuangalia ukuta ule umefika wapi.