Fosfeti ya Minjingu: asili yake ziwani na matumizi yake shambani

Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa wilayani Babati, mkoani Manyara, husagwa na kutumika kama mbolea. Hata hivyo, matokeo yake hutofautiana kati ya shamba na shamba, na sababu ya tofauti hiyo imo katika asili ya mwamba wenyewe.

Zamani Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yake yalifika Minjingu. Ndege aina ya mnandi, ambao hula samaki, walizaliana hapo kwa wingi. Kinyesi na mifupa yao, pamoja na mabaki ya samaki, vilirundikana katika tope la ziwa. Fosforasi iliyokuwamo iliungana na kalisi na floridi, ikawa madini ya apataiti katika matabaka ya mashapo.

Apataiti hunasa pia urani, ambayo huchukua nafasi ya sehemu ya kalisi. Ndiyo maana mwaka 1956 hazina hiyo iligunduliwa na ndege iliyokuwa ikipima mionzi angani kutafuta urani. Uchimbaji ulianza mwaka 1983.

Apataiti ya Minjingu ina kaboneti ndani ya muundo wake, jambo linaloidhoofisha na kuifanya iyeyuke kwa urahisi zaidi. Kwa upande mwingine, apataiti ya Panda Hill, mkoani Mbeya, ilitokana na miamba iliyoganda kutoka kwenye uji wa moto wa ardhini, hivyo ni ngumu kuyeyuka ikiwekwa shambani moja kwa moja.

Hata fosfeti ya Minjingu huhitaji tindikali ya udongo ili iachie fosforasi. Iliyosagwa tu hufaa zaidi pale pH ilipo chini ya 5.5 na kalisi ni kidogo. Katika udongo wa magadi au wenye chokaa nyingi, mkulima anaweza kugharamika bila kuona tofauti katika mazao msimu huo.

Kwa sababu hiyo, wakulima wanashauriwa kupima udongo kabla ya kununua mbolea, kwa kuwasiliana na maafisa ugani wa maeneo yao. Aidha, kwa kuwa mwamba huo una urani, wanaofanya kazi mgodini wajikinge na vumbi, na mabaki ya uchimbaji yasitumike kujengea nyumba.