Umelipa Malaki Unyooshwe Meno? Chai ya Saa Nne Ndiyo Itakumaliza

Msee akiamua kunyoosha meno akiwa mtu mzima, swali la kwanza huwa "inauma?" La pili ni "ni doo ngapi?" Ni wachache sana huuliza "sasa nitakunywa chai saa ngapi?" Na manze, hilo ndilo swali lenyewe. Uchungu hupita. Doo unaeza lipa pole pole. Lakini chai itakufuata kila siku, saa nne na saa kumi, mpaka trei ya mwisho.

Tunaongea kuhusu alaina, zile plastiki za kuona ndani zinavaliwa juu ya meno na zinatolewa na vidole. Watu wazima wanazipenda juu ya kitu moja: hazionekani kama waya. Unaeza enda kuhojiwa kazi, uende ruracio ya beshte yako, upigwe picha mia, na hakuna mtu atashtuka.

Hiyo stori ya kutolewa na vidole ndiyo tamu na ndiyo mtego. Waya zimegandishwa kwa meno, kwa hivyo hata ukiwa mvivu zinachapa kazi ukilala, ukila, ukipiga stori. Alaina ikiwa kwa boksi iko tu kwa boksi. Haisongezi kitu.

Na hii kitu yenyewe ilizaliwa hivyo. Jamaa anaitwa Zia Chishti aliwekwa waya akiwa mtu mzima, na alipomaliza akapewa riteina, ile plastiki ya kushikilia meno yasirudi. Akaona akikaa bila kuivaa meno yanahama, na akiirudisha meno yanarudi laini. Akajiuliza, kama plastiki inaeza rudisha jino, si inaeza lipeleka mahali linatakiwa? Mwaka wa 1997 yeye na Kelsey Wirth, ambaye walikuwa wamesoma naye Stanford, wakaanzisha kampuni ya Align Technology kule California. Hao ndio walitoa Invisalign.

Sasa jino linasonga aje na liko ndani ya mfupa? Wengi hudhani linasukumwa tu kama kabati. Zii. Jino halijashikana na mfupa moja kwa moja, kati yao kuna nyuzi nyembamba kama godoro. Trei ikisukuma jino, upande moja wa godoro unafinywa na upande ule mwingine unavutwa. Kule kumefinywa, mwili unatuma seli za kula mfupa. Kule kumevutwa, unatuma za kujenga. Ni fundi wawili, mmoja anabomoa ukuta na mwingine anajenga nyuma yake. Hao mafundi ni wapole na hawapendi kazi ya kuanza na kuacha. Wanataka presha kidogo, lakini ya kila saa.

Ndiyo maana kila trei husongeza jino karibu robo milimita tu, halafu baada ya wiki moja au mbili unavaa ingine. Jino likihitaji kusonga milimita 2, hapo ni kama trei 8. Na ndiyo maana daktari anakuambia uvae masaa 20 hadi 22 kwa siku. Hiyo namba haijatolewa kwa hewa. Ukitoa trei masaa matano kila siku, zile nyuzi zinavuta jino kurudi lilikotoka, na trei mpya ikifika inakataa kuingia vizuri. Utajua hivi: angalia kwa kioo, ukiona kahewa kati ya ncha ya jino na plastiki, jino limebaki nyuma. Usijifanye hujaona, uende trei inayofuata ukidhani itafidia. Hiyo nafasi itakuwa inaongezeka tu.

Tupige hesabu ya Nairobi. Ukivaa masaa 22, umebaki na dakika 120. Breakfasti dakika 20, lunchi 30, supa 30. Hiyo ni 80. Kila ukimaliza kula unasugua meno, unasuuza trei, unarudisha, tuseme dakika 7 mara tatu. Jumla 101. Umebaki na dakika 19. Chai ya saa nne pale ofisi, ile ya kunywa ukisikia nani ametemana na nani, ni dakika 15 kama hamna umbea. Ongeza 7 za kusugua. Tayari umepita na dakika 3, na chai ya saa kumi haijafika. Na sijaguza Jumapili ya nyama choma, ile unakaa meza moja kutoka saa saba mpaka giza, unadonoa kachumbari kidogo kidogo.

Mtu atasema, si ninywe chai na trei ikiwa ndani? Hapana, na sababu ziko tatu. Moto wa chai unakunja plastiki, na trei ikikunjika kidogo tu haisukumi mahali ilipangiwa. Pili, rangi. Chai inaingia kwa plastiki na ile kitu ilikuwa haionekani inakuwa manjano, unatembea ukiwa na meno ya mzee wa miraa. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: sukari. Kwa kawaida mate huosha sukari kwa jino. Ukiwa na trei, sukari inafungiwa ndani na jino kama maji kwa ndoo yenye kifuniko. Soda ni hivyo hivyo, tena na asidi juu. Kumaliza mwaka mzima ukinyoosha meno halafu yatoke yamenyooka na mashimo, hiyo ni hasara ya kulia. Kinywaji kinaruhusiwa na trei ni maji tu, na yasiwe moto.

Kile hufanya kazi kwa wengi ni kuhamisha chai. Chai inakunywewa na chakula, kwa dakika zile zile. Chai ya asubuhi na mkate, ile ingine baada ya lunchi kabla ya kusugua. Saa nne unabeba chupa ya maji na unasikiza umbea ukiwa mkavu. Wiki mbili za kwanza utakasirika. Halafu kitu inatokea: unaacha kudonoa donoa. Zile smokie za stage, njugu za mathree, biskuti za droo ya mtu wa pili, zote zinaisha, juu hakuna mtu ana nguvu ya kutoa trei kwa mathree ya Rongai akiwa na vidole vimeshika pesa na chuma. Watu wengine hupungua kilo kwa hii maneno na si ati walikuwa wanajaribu.

Tukifika kwa kibanda, hapo ndipo trei hufia. Unaagiza chapo ndengu, unatoa trei, unaikunja kwa tishu, unaiweka kando ya sahani. Mama anakuja kupangusa meza. Anabeba sahani, anabeba tishu, kwisha. Trei imeenda na maganda ya viazi. Kwa hivyo sheria ni moja, trei iko kwa mdomo au iko kwa boksi lake, na boksi liko kwa mfuko au begi. Hakuna mahali pa tatu. Ukiwa na mbwa kwa keja, ongeza umakini, mbwa wanapenda harufu ya hiyo kitu vibaya sana.

Na ikipotea? Usikae bila. Vaa ile ya kabla yake, ndiyo sababu hutupi trei ya juzi mpaka uhakikishe mpya imekaa. Halafu pigia daktari simu. Saa zingine atakuambia uruke uende inayofuata, saa zingine atasema ukae na ya zamani mpaka ingine itengenezwe. Hiyo si ya kujiamulia.

Siku za kwanza zenyewe ziko aje? Trei mpya inakaza, kama kiatu cha shule kilinunuliwa Januari. Siku mbili tatu kuuma karanga ni ngori, hata chapati inakuwa kazi. Wengi huvaa trei mpya usiku kabla ya kulala, ndio zile saa mbaya zipite wakiwa kwa ndoto. Kama kuna ukingo unakwaruza ulimi, sugua kidogo na tupa ya kucha, lakini pole pole. Mate yatajaa mdomo, juu mdomo unadhani umepewa chakula. Hiyo inaisha yenyewe.

Daktari pia anaeza gandisha vinundu vidogo vya rangi ya jino kwa baadhi ya meno, ili trei ipate mahali pa kushika. Hapo ndipo wengi hushtuka, juu picha za matangazo hazionyeshi vinundu. Vinafanya kutoa trei iwe vita mara ya kwanza. Anza na meno ya nyuma, upande wa ndani, uvute kwa ncha ya kidole. Usivute kutoka mbele, utaipasua. Na kama uko deti ya kwanza, tafadhali enda choo. Kuna kamba ya mate hutoka na hiyo trei, na hakuna mtu amewahi ipenda.

Halafu ulimi. Herufi S, Z na SH zinapita katikati ya meno na ulimi, na sasa kuna plastiki hapo. "Sasa" inatoka kama unapiga filimbi chini ya maji. "Shukisha hapa" konda anakuangalia mara mbili. Kama kazi yako ni ya kushika simu za makastoma, hii si jokes, panga siku ya kuanza iwe Ijumaa jioni ili upate wikendi. Dawa ni kuongea, na si kunyamaza. Soma kitu kwa sauti, ama hesabu kutoka sitini mpaka sabini na saba ukiwa unaosha vyombo. Ulimi ni mjanja, kwa siku chache unapata njia mpya, wengine wiki mbili. Wenye hutoa trei kila simu ikilia ndio huchukua miezi kuzoea.

Usafi hauna maneno mengi. Maji baridi, sabuni kidogo isiyo na harufu kali, brashi laini. Dawa ya meno inakwaruza plastiki na kuifanya ukungu. Maji ya moto, hapana. Na juu mifereji ya Nairobi tunaijua, beba chupa ya maji na brashi kwa begi. Siku huna brashi kabisa, sukutua vizuri, rudisha trei, usugue ukifika. Ni afadhali hiyo kuliko kukaa bila trei mpaka jioni.

Kuna kitu lazima niseme kuhusu mwanya. Huku kwetu mwanya ni urembo, kuna watu wameimbiwa na kuolewa juu ya mwanya. Programu ya kompyuta ya kupanga meno haijui hiyo. Ukiipatia mdomo wako itafunga kila nafasi, juu kwake nafasi ni kasoro. Kama unapenda mwanya wako na shida yako ni meno ya chini yamepandana, sema hivyo kabla trei zichapishwe. Daktari anaeza uacha. Pia alaina hazibadilishi rangi. Wale tumekunywa maji ya visima vya Nakuru na Naivasha tukiwa watoto na meno yakashika kahawia ya floraidi, hayo yatanyooka yakiwa na rangi yake ile ile.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwenye anakuangalia awe daktari wa meno amesajiliwa. Jina lake linatafutwa kwa tovuti ya KMPDC, ni dakika moja. Akuangalie fizi, apige eksirei aone mizizi na mfupa. Fizi zikiwa zinavuja damu hizo zinatibiwa kwanza, juu kusongeza jino ndani ya mfupa mgonjwa ni kulitafutia njia ya kung'oka. Wale wa kukutumia kifaa ujichukulie vipimo nyumbani, jiulize nani atakuona mambo ikienda kombo. Marekani kulikuwa na kampuni kubwa ya hiyo biashara, SmileDirectClub. Ilifunga Desemba 2023, na watu wakaachwa katikati ya matibabu, trei ziko nusu, hakuna wa kupigia.

Na uliza bei kwa ujumla, si ya kuanza tu. Mara nyingi trei za kwanza zikiisha kuna jino moja limekataa, na unahitaji zingine za kumalizia. Hizo ziko ndani ya bei ama ni bili mpya? Riteina je? Juu ukimaliza, mfupa mpya bado ni laini na zile nyuzi bado zinakumbuka nyumbani. Utavaa riteina karibu siku nzima mwanzoni, halafu usiku, na huo usiku ni miaka. Plastiki yake inachoka na inavunjika, kwa hivyo utanunua tena. Mtu akikuambia riteina ni ya miezi mitatu halafu uko huru, muulize tena, na umwambie aandike.