Kukaza Tumbo: Istanbul, Mumbai au Nairobi?

Ukiulizia upasuaji wa kukaza tumbo Istanbul, jibu la WhatsApp huja na bei moja iliyobeba kila kitu: upasuaji, hoteli, dereva wa kukupokea uwanja wa ndege, mkalimani na mkanda wa kubana tumbo. Hospitali binafsi ya Nairobi itakupa orodha ndefu, daktari bingwa na bei yake, daktari wa usingizi na yake, chumba cha upasuaji, kitanda, dawa. Ukizitazama kwa haraka, Uturuki inaonekana nafuu. Tatizo ni kwamba bei ya Istanbul inaishia siku unapotoka hotelini, na kidonda cha tumbo hakiponi siku hiyo. Bei ya kulinganisha ni ile ya kukufikisha kwenye kupona.

Piga hesabu upya

Tuchukue mfano, nawe uweke nambari zako. Kifurushi cha usiku sita, dola 4,000. Kwenye upasuaji huu huendi peke yako, kwa hiyo nauli ni za watu wawili: dola 1,600. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri kusubiri angalau siku 10 baada ya upasuaji wa kifua au tumbo kabla ya kupanda ndege. Ukipasuliwa siku ya pili, unahitaji usiku 11, yaani tano za ziada: dola 500. Chakula na teksi, 300. Visa na vipimo vya awali, 100. Ukirudi nyumbani, daktari wa kukagua kidonda na kutoa majimaji yakijikusanya chini ya ngozi, 300. Dola 4,000 zimekuwa 6,800, na bado hujahesabu siku ulizokosa kazini.

Kuna pia gharama ambayo huenda usiilipe kabisa, au ikaja kwa mkupuo: kidonda kuoza, damu kuganda mguuni na bonge kupanda mapafuni, au kovu la kurudiwa. Bima nyingi za safari hazigusi madhara ya upasuaji wa urembo. Kliniki ikikuahidi marekebisho ya bure, uliza nauli na hoteli ya safari ya pili atalipa nani.

Kila mji na karata zake

Istanbul ina ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, na ushindani wa kliniki umeshusha bei. Ila anayekujibu kwenye simu mara nyingi ni wakala anayelipwa kamisheni. Sheria ya Uturuki inaitaka kliniki inayopokea wagonjwa wa kigeni iwe na cheti cha utalii wa tiba cha Wizara ya Afya. Omba nakala yake, pamoja na jina kamili la daktari atakayeshika kisu.

India, Mumbai ikiwemo, nguvu yake ni hospitali kubwa zenye chumba cha wagonjwa mahututi jengo hilohilo, na Kiingereza kinatosha. Tafuta ithibati ya NABH, bodi ya India ya ubora wa hospitali, au JCI, ile ya kimataifa. Chunguza aina ya chumba kwenye makadirio: katika hospitali nyingi za huko, ukipanda kutoka wodi ya pamoja hadi chumba cha peke yako, ada ya daktari na ya upasuaji hupanda pia. Kuna visa ya matibabu ya kuombwa mtandaoni, na nyingine ya msindikizaji. Ukitoka Kenya au Uganda, beba kadi ya homa ya manjano. Chanjo iwe imefikisha siku 10.

Nairobi na Dar es Salaam zina faida isiyoandikwa kwenye ankara: daktari aliyekupasua yupo wiki ya tatu mshono unapovuja. Tanzania, huduma hii imefika hospitali ya umma pia, Muhimbili Mloganzila. Lakini ukaribu si dhamana. Mwaka 2024 Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, lilifunga kliniki moja ya urembo Nairobi baada ya mteja kufariki. Rejista ya baraza hilo iko wazi mtandaoni. Hakikisha daktari wako amesajiliwa kama bingwa wa upasuaji huu, si daktari wa kawaida.

Kipi kwa nani

Kupandikiza nywele hufanywa kwa ganzi ya sehemu tu na hurudishi kidonda kikubwa nyumbani. Hapo Istanbul inaeleweka. Kuongeza makalio kwa mafuta, usichague kwa bei popote pale: mwaka 2018 vyama vya mabingwa wa upasuaji huo vilionya kwamba huenda mteja mmoja kati ya 3,000 hufariki, kwa sababu mafuta yakiingizwa ndani ya msuli huweza kupenya kwenye mishipa mikubwa ya damu.

Kwa tumbo, safiri ikiwa baada ya hesabu nzima bado unaokoa pesa za kutosha kurudi mara ya pili, una msindikizaji, na umepata daktari wa nyumbani aliyekubali mapema kukufuatilia. Kimoja kikikosekana, chukua makadirio ya Nairobi au Mloganzila, kisha omba ulipe kwa awamu.